Bawabu wa Maktaba ya Sauti

Asubuhi bado changa. Mwanamke mmoja anasimama mbele ya mlango mwembamba wa chuma, mwisho wa korido ya maktaba, anavaa sweta. Nje joto limeshaanza kuwatoa watu jasho la shingoni, lakini yeye anafunga vifungo vyote hadi chini ya kidevu, anavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi, kisha anafungua.

Ndani ni chumba kisichozidi ukubwa wa jiko la nyumbani. Dirisha hakuna. Baridi inamgusa mtu masikio kwanza, halafu vidole. Kuna kabati refu jeusi, na ndani ya kabati taa ndogo za kijani zinapepesa, hii inazima, ile inawaka, kama macho ya watoto wanaojifanya wamelala. Kuna pia mvumo mmoja usiokatika. Ukiusikiliza kwa muda unaanza kudhani kuna watu wananong'ona.

"Usidhani," anasema, anacheka kidogo. "Wamo. Wote wamo humu."

Anaowasema ni wasomaji. Maktaba hii ni ya watu wasioona, na vitabu vyake husikilizwa. Mtu huketi katika chumba cha kurekodia, husoma kitabu kwa sauti kutoka jalada hadi jalada, na sauti yake huhifadhiwa katika seva, yaani hii kompyuta kubwa iliyo kabatini. Wamesoma walimu wastaafu, amesoma muuguzi, amesoma dereva wa lori mwenye sauti nzito kama pipa. Baadhi yao wameshafariki. Sauti zao bado ziko kazini.

Mwanamke huyu ndiye anayezitunza. Kazini wanamwita Mama Sweta, na jina lililo kwenye kitambulisho chake limebaki kwa ajili ya siku ya mshahara tu. Alianza hapa akiwa mpiga chapa, akaenda chuo cha jioni kusomea kompyuta huku mtoto akiwa mgongoni, na walipomaliza wote wawili, yeye masomo na mtoto kunyonya, akapewa ufunguo wa chumba hiki.

Mshahara unatosha kodi ya nyumba na ada ya shule ya binti yake. Kinachobaki, kwa maneno yake mwenyewe, "kinapita kama mgeni aliyekataa hata maji."

Mama yake mzazi, anayeishi naye, hajawahi kuielewa kazi yenyewe. Kila siku anamwona bintiye anatoka na sweta wakati watu wanajipepea kwa magazeti. Majirani wakimuuliza, huwaambia kwamba mwanawe anafanya kazi kwenye barafu.

"Nimemweleza mpaka nimechoka," anasema Mama Sweta. "Ananiambia, haya mwanangu, siku moja basi utuletee kipande."

Sasa, ili kuelewa kilichomkosesha usingizi mwanamke huyu mwaka jana, lazima kwanza ujue jambo moja kuhusu mashine za namna hii. Ndani ya seva kubwa huwa kuna kompyuta nyingine ndogo, haijai hata kiganja, ambayo hailali. Umeme ukikatika na kurudi, seva ikagoma kuamka, hiyo ndogo huamka na kubaki macho. Kupitia hiyo, mtu aliye mbali anaweza kuiwasha seva. Anaweza kuizima pia. Anaweza hata kuifuta yote, ikabaki tupu kama sahani iliyooshwa.

Mafundi huiita njia hiyo mlango wa usimamizi. Mama Sweta huuita mlango wa uani. Wasikilizaji hupita mbele, wanachukua vitabu, wanakwenda zao. Wa uani ulikuwa wa watu wawili tu: yeye na Fundi Sikio.

Fundi Sikio ni mzee mwenye mvi za pembeni na goti linalomsumbua. Alipoteza uwezo wa kuona akiwa mtu mzima, tayari ni fundi wa kurekodi, na hakuacha kazi hata wiki moja. Anaishi na dada yake, mbali na maktaba. Kazi yake iliyobaki ni kuamsha seva kila asubuhi umeme unapokuwa umekatika, kabla wasikilizaji hawajaamka. Anaifanya akiwa kitandani kwake, kompyuta mpakato mapajani, na programu inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini.

Seva ikishaamka, huwa anaijaribu. Na huijaribu kwa kitabu kimoja tu, kile kile miaka yote. Kinaanza na kikohozi kidogo cha mwanamke. Kisha sauti hiyo inasema, "Samahani." Kisha sura ya kwanza.

Ni mkewe. Alisoma vitabu vingi katika maktaba hii kabla ya kufariki. Fundi Sikio ndiye aliyekuwa akikata makosa yote katika kila rekodi, vikohozi, viti vinavyolia, kurasa zinazopeperuka. Kikohozi hicho hakukikata.

"Watu wananiambia, mzee, umesahau kukata pale," anasema. "Nawajibu, ndiyo, nimesahau."

Basi, siku moja Mama Sweta akawa anapitia kumbukumbu za ile kompyuta ndogo isiyolala, kama mtu anavyopitia alama za miguu uani asubuhi. Akakuta alama zisizo za wenyeji. Kuna mtu, au programu iliyotumwa na mtu, alikuwa anajaribu nywila. Moja, ikikataa, nyingine. Bila haraka, bila hasira, kama mwizi mwenye kitita cha funguo za kuokota anayejua hakuna anayemfukuza.

"Nilihisi baridi ambayo si ya humu chumbani," anasema. "Vitabu vipya tulikuwa na nakala zake mahali pengine. Vile vya zamani tulikuwa bado tunavinakili, hata nusu hatujafika. Mtu angeingia pale akafuta, wale wazee wangekufa mara ya pili."

Alikwenda kwa mkuu wa maktaba. Mkuu si mtu mbaya. Ni mtu mwangalifu, wa kufunga dirisha kabla wingu halijatokea. Alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Mama, chomoa waya wa huo mlango. Kuanzia mwisho wa mwezi anayetaka kuiwasha mashine aje aiwashe kwa mkono."

"Na Fundi Sikio, Mkuu?"

"Aje na yeye."

"Kwa goti lile? Kutoka kule kwake? Asubuhi yote ile?"

Mkuu akavaa miwani tena. Alimpenda Fundi Sikio kama walivyompenda wote. Lakini kazi ya kuamsha mashine ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye mkataba wa mzee huyo. Waya ukichomolewa, na kazi imechomolewa.

"Nipe mpaka mwisho wa mwezi," Mama Sweta akasema. "Nitaufunga mlango wa uani kwa wageni wote, na yeye atapita. Nikishindwa, nauchomoa mwenyewe."

Tatizo lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba mlango huo ulikuwa unaangalia barabarani. Yeyote aliyejua namba yake kwenye intaneti angeweza kuja kuubisha.

Ya pili ilikuwa imejificha katika vidole vya Fundi Sikio.

Kila mlango wa namna hii una cheti. Mtu anapofika, mlango unamwonyesha cheti hicho kumhakikishia kwamba ndio wenyewe, si mwingine aliyejipaka rangi ile ile. Lakini ile kompyuta ndogo ilitoka kiwandani na cheti ilichojiandikia yenyewe na kujitilia saini yenyewe. Ni kama mtu kukuletea barua ya kumsifu, ukiangalia mwandiko, ni wake. Kwa hiyo kila Fundi Sikio alipofika mlangoni, kompyuta yake ilimwonya: muunganisho wako si salama, na kadhalika na kadhalika. Chini yake kukawa na mahali pa kubonyeza ili kuendelea hivyo hivyo.

Naye aliendelea hivyo hivyo, kila mara, miaka nenda miaka rudi. Sauti ya programu ikisema tu "Muunganisho wa—", vidole vilikuwa vimeshabonyeza. Kama mtu anayefukuza nzi huku akiongea na wenzake.

"Mzee, lile onyo linamalizia vipi?" Mama Sweta alimuuliza kwa simu.

"Onyo gani?"

"Linaloanza na muunganisho."

"Aa, lile. Binti yangu, mimi mwisho wake siujui. Sijawahi kufika."

Hapo ndipo alipoogopa zaidi kuliko alipoziona zile alama. Siku ambayo mwizi angejenga mlango wa uongo katikati ya njia, onyo lingekuwa lile lile, kwa sauti ile ile. Na mzee angelipita vile vile na kumkabidhi nywila mkononi.

Kwenye rafu ya chumba cha baridi kulikuwa na kompyuta kuukuu, imeachwa kwa sababu ilikuwa na kasi ya kobe. Mama Sweta akaifuta vumbi, akaifanya bawabu. Bawabu huyu anasimama mbele, barabarani, ana jina lake. Anayetaka kwenda uani anamfikia yeye kwanza. Yeye ndiye anayepokea ujumbe, anaupeleka ndani, anarudi na jibu. Mgeni hamwoni wa ndani hata mara moja.

Kisha akamwombea bawabu cheti cha kweli, kilichotiwa saini na mamlaka ambayo kompyuta za watu wote zinaiamini, na akapanga kijihuishe chenyewe kabla ya kuisha muda. Halafu akatengeneza cheti kingine, cha Fundi Sikio, akakiweka katika kompyuta yake. Sasa wangetambuana pande zote. Mzee angemjua bawabu, na bawabu angemjua mzee. Asiye na cheti hata nywila asingeulizwa.

Jioni hiyo alimweleza mama yake, wakiwa wanaosha vyombo.

"Kwa hiyo umeweka bawabu asiyelala?" bibi huyo akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Wala hali?"

"Hali."

"Na mshahara?"

"Hana."

"Basi na mimi nitafutie mmoja kama huyo, aje amalizie haya masufuria."

Mama Sweta alilala vizuri siku hiyo. Asubuhi simu ikalia. Alikuwa Fundi Sikio.

"Binti yangu, huyo bawabu wako kaajiriwa lini?"

"Jana, mzee. Kuna nini?"

"Mbona onyo bado ananisomea? Ulisema litanyamaza."

Alikaa kitandani, sweta bado limening'inia mlangoni, akawaza. Cheti ni kizuri, amekijaribu mwenyewe. Bawabu yupo. Kisha akauliza, "Mzee, unapita wapi? Unaandika jina jipya nililokupa?"

"Jina la nini tena? Napita pale pale ninapopita siku zote. Vidole vinapajua."

Vidole vilikuwa vinakwenda kwenye namba ya zamani. Na namba ya zamani ilikuwa bado inaitikia! Alikuwa amemsimamisha bawabu mbele ya nyumba, kavaa vizuri, anaangalia barabara, huku mlango wenyewe pembeni yake uko wazi vile vile kama jana.

"Nilijicheka mpaka mama akaja kuniangalia," anasema. "Bawabu mzima, na ukuta sijajenga. Kama mzee angekuwa mwepesi wa kujifunza jina jipya, ningeuona lini? Pengine mpaka leo ningekuwa natembea kifua mbele."

Siku hiyo akaimaliza kazi. Akaifunga ile kompyuta ndogo katika njia yake ya ndani, isiitikie mtu yeyote duniani isipokuwa bawabu. Akaijaribu kutoka nje kwa namba ya zamani. Kimya. Akajaribu tena. Kimya, kama mtu anayebisha ukutani. Kisha akampigia mzee, akamfundisha jina jipya, herufi kwa herufi, na wakalirudia pamoja mpaka vidole vikalizoea.

Asubuhi iliyofuata mzee akapiga tena.

"Mzee? Imekuwaje?"

"Hajasema kitu," Fundi Sikio akanong'ona, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. "Nimefika, nimepita, hajaniambia kitu. Kimya kabisa. Nimesubiri, nikadhani kompyuta imekufa."

"Huo ndio wema wake, mzee. Sasa nisikilize. Kuanzia leo akikuambia neno, lolote, usibonyeze. Msikilize mpaka amalize, halafu nipigie."

Mkuu wa maktaba alikuja kuiona ile kompyuta kuukuu. Akaizunguka kama mtu anayenunua baiskeli. "Hii ndiyo ya kutulinda?" akauliza. Mama Sweta akasema ndiyo. Mkuu akasema atauacha waya kwa sasa, lakini neno lake la mwisho bado hajalitoa. Mashine alikuwa na imani nazo. Wasiwasi wake ulikuwa kwenye mazoea ya mtu. "Miaka yote hiyo anabonyeza," alisema. "Mazoea hayo atayaachia wapi?"

Lilikuwa swali la haki.

Miezi ikapita katika ukimya huo mpya. Kisha dada yake Fundi Sikio akapangiwa matibabu mji mwingine, naye akamsindikiza. Wakafikia nyumba ya wageni yenye intaneti ya bure kwa wapangaji. Asubuhi, dada bado amelala, simu ikatetema ikiwa na ujumbe kutoka kwa bawabu: umeme ulikatika, seva haijaamka. Mzee akaketi ukingoni mwa kitanda kigeni, akafungua kompyuta, akaandika jina.

"Muunganisho wako," programu ikaanza kusoma.

Anasimulia yeye mwenyewe kilichotokea. "Kidole kilikuwa kimeshashuka. Nakuambia, kilikuwa kinagusa. Lakini masikio yangu yalikuwa yamekaa na kimya muda mrefu, yakashtuka. Nikakirudisha kidole. Nikaweka mikono yangu miwili chini ya mapaja, nikaikalia. Nikasikiliza."

Akalisikiliza onyo hadi mwisho kwa mara ya kwanza maishani mwake. Lilimwambia kwamba muunganisho wake si salama. Kwamba huenda kuna mtu anajaribu kuiba taarifa zake, kwa mfano nywila. Kwamba cheti hiki hakikutolewa na mtu anayeaminika. Lilikuwa refu kuliko alivyowahi kufikiri, na la upole, anasema, kama daktari mwenye habari mbaya.

Akapiga simu.

"Ameongea," akasema.

Mama Sweta alikuwa njiani kwenda kazini. Akasimama pembeni ya barabara, akaziba sikio moja. "Cheti kimetiwa saini na nani? Tafuta, akusomee."

Mzee akatafuta. Programu ikasoma jina ambalo wote wawili hawakulijua.

"Huyo si wetu," akasema Mama Sweta. "Huo mlango ni wa uongo, mzee. Funga. Toka kwenye intaneti ya hapo. Tumia ya simu yako, halafu andika jina upya."

Magari yakapita. Alisikia mzee akihema, akasikia vitufe, polepole. Kisha hakusikia vitufe.

"Mzee?"

"Hajasema kitu," sauti ya Fundi Sikio ikaja. "Huyu ndiye."

Seva ikaamka. Na Mama Sweta, pembeni ya barabara, watu wakimpita na kushangaa sweta lake begani, akasikia kwa mbali, ndani ya simu ndani ya chumba cha wageni, kikohozi kidogo cha mwanamke na neno "Samahani."

Baadaye fundi wa nyumba ile ya wageni aligundua kwamba kifaa chao cha intaneti kilikuwa kimechezewa, kinawapitisha wapangaji katika milango ya bandia. Aliyekichezea hakujulikana. Wapangaji wengine wangapi waliendelea hivyo hivyo, nalo halikujulikana.

Mkuu alipopewa habari alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Alikalia mikono yake?" akauliza.

"Aliikalia, Mkuu."

"Basi waya na ubaki." Akafika mlangoni, akageuka. "Na huyo bawabu wako wa kasi ya kobe, mnunulie hata kifuniko cha vumbi."

Vitabu vyote vya zamani sasa vimeshanakiliwa. Alama za wageni zinaendelea kuonekana kwa bawabu, zinabisha, zinaondoka. Mama Sweta huziangalia kila asubuhi kwa utulivu wa mtu anayetazama mvua akiwa ndani.

Ana mpango sasa. Anataka kila msikilizaji wa maktaba hii, popote alipo, awe na cheti chake mwenyewe, aweze kuingia akiwa nyumbani kwake na kutuma hata sauti yake akisoma, si kusikiliza tu. Lakini kwanza wafundishwe namna ya kuusikiliza mlango, waujue wa kweli na wa uongo. Hakuna kitabu kilichosomwa kuhusu hilo. Kwa hiyo ameamua kukisoma yeye, kifupi tu, kikae rafuni pamoja na vingine.

"Mimi ambaye hata shuleni nilikuwa najificha nyuma ya mwenzangu ili nisiambiwe nisome," anasema. "Ndoto yangu ni mtu mmoja huko, ambaye sitamjua, anisikie, akarudishe kidole chake."

Ndiyo maana leo, akitoka katika chumba cha baridi, anavua sweta na kuingia chumba cha kurekodia. Fundi Sikio amekuja kwa ajili hiyo, dada yake kamleta hadi mlangoni. Ameketi upande wa pili wa kioo, uso umeinuliwa kidogo, mkono juu ya vitufe.

"Nianze na nini, mzee?"

"Anza na lile onyo. Lote."

Taa nyekundu inawaka. Mama Sweta anasogea kwenye maikrofoni, anashika meza, anafungua mdomo. Baridi ya kile chumba bado iko kooni. Anakohoa kidogo.

"Samahani," anasema. Kisha anageuka haraka kwenye kioo. "Mzee, nimeharibu. Irudishe nyuma, tuanze upya."

Upande wa pili, mkono wa Fundi Sikio umeondoka kwenye vitufe. Ameuweka chini ya paja lake.

"Endelea, binti yangu," anasema. "Iache hivyo hivyo."